Mhariri, elimu tunayo, shida ni lile benchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii ukiweza usiikate sana, mana naiandika kwa simu usiku mama watoto amelala, na nikisema niisubirishe mpaka asubuhi najijua sitaituma.

Wiki iliyopita mliweka makala kuhusu upimaji wa ukimwi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mwandishi wenu akasema wanaume hatuendi kupima kwa sababu ya uelewa mdogo. Niliisoma nikiwa kwenye Fuso nimepanga foleni pale mizani Makambako, nikawasomea na wenzangu kwa sauti, tukacheka sana alafu tukakaa kimya kila mtu anaangalia pembeni. Uelewa mdogo, Njombe hii?

Mimi nimezaliwa huku Mhariri. Miaka ya tisini tulikuwa tunatoka shule tunapitia msibani ndo tunaenda nyumbani, na kuna wiki ilikuwa misiba mpaka watu wanagawana, baba aende huku mama aende kule. Makete kuna nyumba zilibaki bibi na wajukuu tu, katikati hapo hamna mtu. Ule utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulisema mkoa wetu ndo unaongoza Tanzania, asilimia 12.7 ya watu wazima wana virusi wakati nchi nzima ni 4.4, yani karibu mmoja katika kila wanane. Sa mtu anaishi sehemu kama hiyo, kazika kaka, kazika shangazi, kazika mwalimu wake wa darasa la tatu, alafu umwambie haielewi? Tunaielewa. Tunajua inaambukizwaje, tunajua kula sahani moja hakuna shida, tunajua dawa ni bure na sa hivi ni kidonge kimoja kwa siku, siyo ule mzigo wa vidonge wa zamani. Utingo wangu ana miaka ishirini na mbili, atakueleza mpaka ile miezi mitatu ambayo mtu anaweza kuwa nayo na kipimo kisione. Ila sasa mwambie, dogo nakusimamishia hapa kituo cha afya shuka ukapime. Atakwambia kuna tairi limepungua upepo anataka kuliangalia.

Na utafiti huohuo una namba zingine ambazo mwandishi wenu angezitazama kabla ya kutuandika. Katika watu mia wenye virusi, wanaojua kama wanavyo ni kama 83. Hao wanaojua, karibu 98 kwa mia wako kwenye dawa. Walioko kwenye dawa, 94 kwa mia virusi vimefubaa. Angalia hapo vizuri. Mtu akishaingia ndani mambo yananyooka, watu wanameza dawa kweli siyo utani. Wanaobaki nje ni wale ambao hawajavuka mlango. Sisi madereva tunalijua hili, ukikuta foleni ya kilomita mbili kabla ya mizani na mbele ya mizani barabara nyeupe, huwezi kusema madereva hawajui kuendesha. Unaenda kuangalia pale mizani kuna nini.

Kuna benchi.

Sitataja ni kituo gani cha afya mana nisije nikaharibu kwa watu, ila wengi watakaosoma watadhani ni cha kwao kwa sababu viko vingi vya namna hiyo. Chumba cha kupimia kiko mwisho wa veranda, mbele yake benchi refu la mbao, na benchi limeelekea getini. Mama anayeleta mtoto kliniki anakuona, anayekuja kung'oa jino anakuona, muuza karanga anakuona, na muuza karanga ndo redio ya mji. Benchi lile hakuna mtu anayekaa kwa ajili ya malaria. Ukikaa dakika tano tu ushapimwa na mji mzima na majibu ushapewa, tena siku hizi wengine hata hawasubiri umbea wa mdomo, simu inainuliwa kama mtu anasoma meseji kumbe. Alafu unaingia ndani unakuta nesi anaimba kwaya moja na mkeo. Najua kuna sheria, ya mwaka 2008, inasema majibu ni siri yako na mtoa huduma akiyatoa bila ruhusa yako ametenda kosa, na mimi nina hakika manesi wengi wanaiheshimu. Ila nesi hana haja ya kusema kitu. Benchi limeshasema.

Ngoja nikueleze yangu usije ukaona nawasema wengine.

Mama watoto alipopata ujauzito wa kwanza mwaka 2013, kliniki wakamwambia aje na mwenza. Nikasema niko safarini. Ni kweli nilikuwa safarini, nilipeleka viazi Dar, siku mbili, alafu nikakaa Dar siku nne bila sababu yoyote nalala kwenye gari. Wakamwambia basi kama mume hayupo alete barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kuthibitisha, akaenda kuiomba, na mwenyekiti alikuwa mjomba wangu mimi, kwaiyo unaweza kupiga picha mwenyewe. Mjomba akaandika bila kuuliza, akagonga muhuri. Mke wangu akapima peke yake, akakutwa hana. Aliponipigia kunipa majibu nilikuwa maeneo ya Mikumi, nikapaki pembeni nikanunua soda baridi nikainywa yote kwa mara moja. Nikasema moyoni, na mimi nimepima.

Ndo hivo Mhariri, madereva wengi ninaowajua wamepimwa kupitia tumbo la mke. Na hapa nimkubalie mwandishi wenu kidogo, mana hili ni jambo ambalo watu wanajidanganya nalo sana. Majibu ya mke siyo ya mume. Wapo watu wako kwenye ndoa miaka na miaka mmoja anavyo mwingine hana, hospitali wanajua na wana utaratibu wao wa kuwasaidia, kwa sababu virusi haviruki kila mnapokutana, unaweza kunusurika mara nyingi alafu siku moja usinusurike. Lakini hata hilo mimi nilikuwa nalijua. Nililijua nusu, ile nusu nyingine nikaamua nisiijue. Ukiniita mjinga sikatai ila siyo ule ujinga wa kuletewa semina.

Stendi yetu kuna hadithi inajulikana, wenyewe tunaiita mume wa kukodi. Mama akiambiwa kliniki aje na mwenza na mwenza mwenyewe ndo kama mimi, anaenda kuongea na bodaboda, anamlipa hela ya kuingia naye. Kuna mmoja ameshakuwa mume wa wanawake watatu kwa mwaka mmoja, na kila akiingia anatobolewa kidole mana ndo utaratibu, wanapima wote wawili. Tunamcheka sana huyo jamaa. Ila ukikaa ukafikiria, stendi nzima wanaume sijui mia ngapi, ndo huyo peke yake anayeijua afya yake kila baada ya miezi michache.

Nachotaka kusema ni kwamba kina mama siyo kwamba ni jasiri kuliko sisi au wana elimu zaidi. Wana mimba. Mimba inawapeleka kliniki na kliniki ina mlango mmoja, kila mjamzito anaingia hapo, kila mmoja anapimwa wekundu wa damu, kaswende, ngoma, presha, uzito, wote foleni moja na hakuna anayekushangaa. Mwanaume ni nini kinampeleka hospitali akiwa mzima? Hakuna. Mpaka aumie. Kwaiyo yeye akienda, lazima aende kwa ajili ya hiyo kitu tu, na mji mzima unajua hivo.

Na hao kina mama wenyewe msidhani wanafurahia. Anayepima wa kwanza ndo anaonekana kaleta. Kuna dada mmoja nilimbeba lifti toka Ilembula, tukaongea mana barabara ndefu, akaniambia alikutwa navyo kwenye mimba, mume akamfukuza siku hiyohiyo na begi, mume mwenyewe mpaka leo hajapima na ameshaoa mwingine. Huyo dada anameza dawa kila siku saa tatu usiku. Chupa za zile dawa ukizitikisa zinalia kama kayamba, sa kwa sababu anaishi kwa ndugu anatoa vidonge anavifunga kwenye leso anavificha kwenye ndoo ya unga. Alikuwa ananiambia haya anacheka. Afya yake nzuri kuliko yangu, kipimo cha wingi wa virusi kimesoma havionekani, na daktari kamwambia akiendelea kumeza hivohivo hawezi kumwambukiza mtu kwa kujamiiana. Lakini ndugu zake hawajui na hataki wajue. Nikajiuliza, huyu mtu ameshavuka kila kitu, kapima, kaachwa, kapona karibu, na bado anachoogopa ni kuonekana.

Kifo kwa kweli siyo sababu tena. Zamani ndiyo. Wazee wetu walioisikia mwanzoni, ilipoonekana Kagera mwaka 1983 ikaitwa Juliana kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zinatoka Uganda, wao walikuwa na haki ya kutotaka kupima, mana ulikuwa unapima ili iweje? Dawa hakuna. Unapewa tarehe ya kufa tu. Ndo kipindi kile mtu akiulizwa anasema AIDS maana yake Acha Iniue Dogodogo Siachi, utani wa watu waliokata tamaa. Mtu alikuwa "ameungua", au "amekanyaga miwaya", hata jina lake ugonjwa halitajwi. Hata zilipokuja huduma za ushauri nasaha na kupima kwa hiari, Angaza na wenzao kuanzia 2001, bado dawa za bure hazikuwepo, zilianza mwishoni mwa 2004, na zilipoanza siyo kila mtu alipewa.

Kaka yangu mkubwa alipima 2006. Alijipeleka mwenyewe hakuna aliyemsukuma. Akaambiwa anavyo, ila kinga yake bado iko juu, asianze dawa kwanza, arudi baada ya miezi sita wamwangalie tena. Ndo ulikuwa utaratibu wa wakati ule simlaumu aliyemwambia. Hakurudi. Alipeleka miguu yake mwenyewe akarudishwa na karatasi, akaiweka kwenye begi, akarudi kazini kwenye mbao. Tulimzika 2009. Utaratibu umebadilika toka 2016, sa hivi ukikutwa navyo unaanza dawa hapohapo hata kama una nguvu za kubeba gogo, na mimi naamini hili ndo jambo kubwa kuliko kampeni zote, ila ni watu wangapi walioona ndugu zao wakirudishwa enzi zile wameshaambiwa kwamba siku hizi hawarudishwi? Hilo sijaliona kwenye makala yenu.

Sasa nakuja kwenye kitu kilichonifanya nianze kuandika kabisa.

Mwaka 2011 nilikuwa bado utingo. Tajiri wangu alikodiwa Coaster kupeleka wagonjwa Loliondo kwa Babu, yule mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge, marehemu sasa. Unakumbuka Mhariri nchi ilivyohama. Kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500. Tulikaa kwenye foleni ya magari siku kadhaa, watu wanalala chini, wengine walifia njiani kabla hata ya kukiona kikombe chenyewe. Na mle kwenye gari yetu kulikuwa na baba mmoja wa mjini kwetu, mfanyabiashara, mtu mzito, ambaye kila mtu alijua mke wake alikufa na nini na kila mtu alijua yeye hajawahi kukanyaga hospitali. Kituo cha afya kiko hatua mia mbili toka dukani kwake. Hatua mia mbili hakuweza, lakini alisafiri usiku na mchana kwa basi mpaka mpakani na Kenya akalala kwenye vumbi.

Nilidhani ni imani. Labda na imani ilikuwepo. Ila miaka imepita nimekuja kuelewa kitu kingine. Kwenye ile foleni kulikuwa na wa sukari, wa kansa, wa pumu, wa kifafa, wa presha, mawaziri, wakulima, mabinti, wazee. Hakuna mtu angeweza kukunyooshea kidole akasema huyu kaja na nini. Kikombe ni kilekile. Yule baba alikaa mle kati ya watu elfu na elfu, kwa mara ya kwanza yuko kwenye foleni ya wagonjwa na hakuna anayejua anaumwa nini.

Kikombe hakikutibu, hilo niliseme wazi wasije wakadhani nakisifia. Kuna watu waliacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa na hawapo leo. Yule baba naye hayupo. Lakini foleni ile ilikuwa na kitu ambacho kituo chetu cha afya hakina.

Na ukirudi nyuma mwaka 2007, Rais Kikwete na Mama Salma walipopima hadharani pale Mnazi Mmoja mwezi wa saba, si mnakumbuka watu walivyojitokeza, hata huku kwetu walipopita watu walijaa uwanjani. Wengine wanasema ni kwa sababu rais alionyesha mfano. Sawa. Mimi nasema pia ni kwa sababu siku ile kupima ilikuwa ni kwenda uwanjani tu. Kila mtu yuko pale, diwani yuko pale, shekhe na padri wako pale, ukiwa hupo ndo watu wanakushangaa. Kampeni ikaisha, viti vikakusanywa, tukarudishiwa benchi letu.

Makanisani nako wana lao. Wachumba wanaambiwa wapime kwanza ndo ndoa ifungwe, jambo zuri kabisa sina ugomvi nalo. Ila matangazo ya ndoa yanasomwa Jumapili tatu, sa ikisomwa ya kwanza, ikasomwa ya pili, ya tatu kimya, kanisa zima linageuka kuangalia ile familia. Binti anaweza akawa ameghairi tu kwa sababu kijana ni mlevi, nani atamsikiliza.

Nilipima lini mimi? 2019, usiku. Kulikuwa na watu walikuwa wanakuja na hema kwenye maegesho ya malori mara moja moja kwa mwezi, wanafika saa moja jioni wanaondoka kama saa sita. Bango lao halikuwa na neno ukimwi hata kidogo, lilikuwa limeandikwa macho, presha, sukari. Madereva tunapenda sana kupimwa macho kwa ajili ya leseni kwaiyo tulikaa kwenye viti vya plastiki kama kumi na tano hivi tunapiga stori za mizigo. Unaingia mmoja mmoja. Ukishapimwa macho na presha, yule mshauri, kijana mdogo tu, anakuuliza kama unataka na cha VVU, ukikataa anakushukuru unatoka, ukikubali unakaa palepale kwenye kiti kilekile. Waliokubali na waliokataa wote wanatoka kwa mlango uleule baada ya muda unaokaribiana. Nani atajua?

Nilidhani ataniuliza nimelala na wanawake wangapi, nilishaandaa uongo wangu. Hakuuliza. Aliniuliza, kaka, ukikuta unavyo, mtu wa kwanza kumwambia ni nani? Nikakaa. Sikuwa na jibu. Miaka yote ile naogopa sijawahi kufika hapo, niliishia kwenye benchi. Nikasema mke wangu. Akasema sawa, na ukikuta huna, utamwambia nani? Nikasema huyohuyo. Akatabasamu akanitoboa kidole. Tukasubiri kama robo saa hivi, jenereta inanguruma nje, utingo wangu nasikia anabishana na mtu kuhusu Simba na Yanga.

Toka Wamarekani wasimamishe misaada yao mwezi wa kwanza mwaka 2025 lile hema sijaliona tena. Labda limehamia kwingine, labda wale vijana wamepata kazi zingine. Miaka zaidi ya ishirini tulikuwa tunategemea hela za watu kwa kitu kama hiki, na siku zilipokatika ndo tukajua kumbe hata mafuta ya jenereta yalikuwa yao.

Kuna hivi vipimo vya kujipima mwenyewe, sheria ilibadilishwa 2019 ikaviruhusu, na siku hizohizo wakashusha umri wa kijana kupima bila ruhusa ya mzazi ukawa miaka 15 badala ya 18. Unapitisha kijiti kwenye fizi, unachovya, unasubiri dakika ishirini. Nimeona mwenzangu akijipima kwenye kebini taa imezimwa anamulika na simu. Mstari mmoja, akashangilia akapiga honi. Navipenda kwa sababu havina benchi. Ila nina wasiwasi navyo pia, sipendi mtu asome mistari miwili peke yake saa nane usiku ana gunia mia za viazi nyuma na mteremko wa Kitonga mbele, hajui kwamba hiyo mistari miwili bado siyo jibu la mwisho mpaka ahakikishiwe hospitali kwa kipimo cha damu. Angalau wanaoviuza au kuvigawa wawe na mtu wa kumpigia simu akapokea muda huo, siyo namba ya ofisi inayolala saa tisa alasiri.

Na saa nayo ni jambo, mana wapakiaji wa viazi wanalipwa kwa gunia. Kituo kinafungua asubuhi kinafunga mchana, na mchana ndo magari yanapakiwa. Kijana aache lumbesa kumi za hela ya chakula aende akakae kwenye benchi la aibu bure? Hata mimi nisingeenda. Njooni jioni, njooni siku ya mnada, njooni Jumapili baada ya ibada.

Sihitaji kujengewa jengo. Kama mganga mfawidhi yeyote anasoma hii, kesho asubuhi achukue watu wawili wenye nguvu, wabebe lile benchi walipeleke kwenye veranda ya wagonjwa wote, anayesubiri dawa ya kikohozi na anayesubiri kipimo wakae pamoja, na kile kibao cha mlangoni kitolewe kiandikwe namba tu. Haigharimu kitu. Misumari labda.

Majibu yangu sijaandika na wenzangu watakaogundua ni mimi wataanza kubahatisha. Kama nilikuwa navyo watasema ndo mana anatetea, kama nilikuwa sina watasema anajisifu. Mtu niliyemwahidi yule kijana kwamba nitamwambia nilimwambia, usiku uleule, kwa simu, na nadhani anatosha.

Jina langu kamili na namba ya simu nimeziweka hapa chini kama mnavyotaka, ila Mhariri tafadhali usizichape, andika tu Msomaji, Makambako. Na pale kwa mjomba nilipotaja kwamba alikuwa mwenyekiti, ukiweza pafute. Alafu ukiona Makambako penyewe ni padogo sana, andika Njombe.